Kidole Kimoja Chini ya Mkono wa Tela

Tela lile nililijua kabla halijawa tela. Nililiunga mwenyewe katika karakana yangu ya Chanika, hapa Handeni, kutoka vipande vya chuma alivyoleta mwenye mali, na kazi yake ilikuwa moja: kubeba tenki la maji mpaka shambani kwake Sindeni, ambako watu wanane walikuwa wakimlimia mihogo na mahindi. Aliyewahi kukaa Handeni miezi ya kiangazi hahitaji kuelezwa. Ndoo zina foleni yake, foleni ina ugomvi wake, na mwenye tenki huamkiwa hata na wasiompenda.

Siku moja tela likarudi kwangu bila tenki. Juu yake, kwenye bati tupu, palikuwa na pikipiki ya maji imefungwa kwa kamba za katani kama mbuzi wa sadaka.

Bosi, yaani huyo mwenye tela, aliiita jeti. Ni chombo cheupe chenye michirizi ya buluu, kirefu kupita kitanda, chenye usukani wa pikipiki na kiti cha watu wawili. Hakina gurudumu na hakina kazi. Kinakimbia juu ya maji, kikichoka kwenda huko kinageuka kinakimbia kurudi kilikotoka. Bosi alikinunua Dar es Salaam kwa mtu aliyekwisha kukichoka, akakileta katika mji ambao maji yake ni yale yaliyomo ndani ya pipa.

Jirani yangu wa karakana ni mama mmoja muuza chapati. Aliacha jiko lake akaja kuizunguka ile jeti, mwiko mkononi.

"Hii inakunywa ndoo ngapi?"

"Hainywi maji, mama. Inatembea juu yake."

"Juu ya maji yapi?"

"Ya Tanga. Anaipeleka huko sikukuu."

"Na tenki liko wapi?"

"Wameliteremsha shambani. Liko chini, kwenye vumbi."

Akaitazama tena, kuanzia puani mpaka mkiani. "Basi na wale wa Sindeni waende Tanga wakanywe," akasema, akarudi kugeuza chapati zake.

Huyo bosi nimemzidi umri kwa miaka mitano. Tulisoma shule moja Korogwe. Mimi nikiwa darasa la sita, yeye alikuwa la kwanza, mwenye kamasi na begi kubwa kuliko mgongo wake, na kila asubuhi alikuwa akiniamkia. Mwaka huohuo mama alimfuata baba kaburini, nami nikatoka darasani nikaingia soko la Korogwe na mkokoteni wa kukodi. Nyumbani nilikuwa nimeacha wadogo watatu, wa mwisho bado anabebwa mgongoni. Bosi akaendelea na shule, akaendelea na mambo mengine, na tangu apate gari la kwanza hajanipa shikamoo hata kwa bahati mbaya. Ananiita fundi. Mimi simuiti chochote.

Ningeweza kuikataa kazi ile ya kuitengenezea jeti mahali kwenye tela, na kwa moyo wangu ningeikataa nikicheka. Lakini dereva wa bosi ni yule mdogo wetu wa mwisho, yule wa mgongoni. Nimemlea kwa uji, nimemlipia leseni, na ndiye pekee kati ya wadogo zangu aliyebaki Handeni. Jeti ile ikichomoka barabarani, au tela likimvuta mtaroni, bosi atakuwa ndani ya gari jingine mbele, vioo vimefungwa, anasikiliza muziki. Atakayekuwa kwenye usukani ni mdogo wangu. Kwa hiyo nilivaa ovaroli.

Chombo kile tumbo lake si bapa. Limechongoka katikati, kwa hiyo ukikilaza kwenye bati kinayumba kama mlevi kwenye benchi. Nilitengeneza mbao mbili ndefu za kukilalia, zikiinamiana, nikazifunika kapeti ili zisikikwaruze. Mbele nikasimamisha nguzo yenye raba ya tairi ili pua yake iegemee hapo, na winchi ndogo ya kukivutia. Mbao na nguzo vyote nilivikaza kwa bolti. Sikuvichomelea. Nilikuwa na sababu yangu, na bosi hakuiuliza. Alichouliza ni kama kapeti ingepatikana ya buluu.

Kisha nikafanya kosa, na kosa lenyewe nililitoa Korogwe.

Pale sokoni mbeba mizigo mzuri hakujulikana kwa misuli. Alijulikana kwa namna anavyoupanga mkokoteni. Magunia yakilalia mbele yanakuvunja kiuno, yakilalia nyuma yanakuninginiza miguu juu. Unayasogeza mpaka uzito wote ukae juu ya ekseli, na mkono wa mkokoteni uwe kama hauna kitu. Tulikuwa tunashindana. Unapakia, unaweka kidole kimoja chini ya mkono, unauinua, na asiyeweza anacheka aibu yake. Mimi niliweza mpaka magunia manne. Ni ustadi pekee niliotoka nao ujanani, na ndio nilioutumia kwenye lile tela. Niliisogeza jeti nyuma kidogo, mbele kidogo, tena nyuma, mpaka mkono wa tela, ule wa kufungia kwenye gari, ukainuka kwa kidole kimoja.

Bosi alikuja akaweka kidole chake chenye pete. Tela likainuka. Akaangua kicheko, akamwita mdogo wangu ampige picha, akarudia mara tatu kwa simu tatu. "Huyu ndiye fundi," akasema. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nimemdharau mtu yule kwa mengi, lakini siku ile nilisimama pembeni yake nikitabasamu kwenye picha.

Mdogo wangu akalichukua kulijaribu barabara ya Sindeni, ndiyo hiyohiyo ya kwenda Korogwe. Alirudi baada ya saa nzima, kwa mwendo wa baiskeli. Alizima gari, akabaki ndani. Nikamfuata dirishani.

"Kaka, lina mkia," akasema.

"Mkia gani?"

"Nikienda polepole limetulia. Nikifikisha mwendo wa basi linaanza kutikisa makalio. Kushoto, kulia, na kila likirudi linarudi na nguvu zaidi. Limenivuta mpaka upande wa pili. Mbele kuna lori la mkaa."

"Ukafanyaje?"

"Niliachia mafuta, nikashika usukani. Breki sikugusa. Ningegusa, saa hizi ungekuwa unaulizwa wewe ni nani wa marehemu."

"Umemwambia bosi?"

"Nimwambie tela limenishinda? Ataniambia yeye kalinyanyua kwa kidole."

Nilikaa kwenye tairi bovu nikalitazama lile tela mpaka chai ikapoa. Si kwamba sikuwahi kuambiwa. Fundi mmoja mzee wa Segera, anayetengeneza matela ya malori, aliniambia zamani kwamba tela lazima lilalie gari. Nikamwona mzembe asiyejua kupanga mzigo. Jioni ile ndipo nilipoelewa. Mkokoteni una mtu kwenye mkono wake. Ukitaka kuyumba, mabega yake yanaukatalia, na anakwenda kwa miguu. Gari halina mabega. Mkono wa tela ukiwa mwepesi, nyuma ndiko kunakoamua safari. Unatakiwa uwe mzito, mtu auinue kwa mikono miwili na magoti yamekunjwa, ndipo tela linafuata kama mtoto aliyeshikwa mkono. Nilikuwa nimemfungia mdogo wangu mkokoteni wa Korogwe nyuma ya pikapu, na picha nikapigwa.

Jeti isingeweza kusogea mbele zaidi, ingegonga pikapu kwenye kona. Kilichobaki ni kuirudisha ekseli nyuma. Kesho yake, tangu asubuhi, mimi na mdogo wangu tulilegeza springi, tukatoa vishikio vyake kwa grinda, tukavihamisha shibiri moja na nusu. Nikavishika kwanza kwa nukta ndogo za moto ili tujaribu. Kamba za katani nikawapa watu wa mbuzi. Badala yake nikaweka mikanda ya kukaza: miwili nyuma, kila mmoja ukitoka kwenye pete yake ya chombo na kushuka moja kwa moja kwenye fremu, na mmoja puani pamoja na mnyororo, kwa sababu winchi ni ya kuvutia na haitoshi kushikilia. Tulipotikisa jeti, gari zima lilitikisika nayo. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Mdogo wangu akalipeleka tena barabara ile. Alirudi baada ya nusu saa, anatafuna muwa.

"Limenyooka," akasema.

Alasiri bosi akaja na wageni wawili kutoka Dar, wote na miwani myeusi ingawa kulikuwa na mawingu. Alitaka kuwaonyesha. Akaingiza kidole chini ya mkono wa tela. Akaongeza cha pili. Akaweka kiganja, shingo ikamtoka mishipa, mkono wa tela ukabaki ulipo.

"Fundi, umelitia mimba?"

Wageni wakacheka. Nikamweleza, polepole, kama nilivyoeleza hapa. Nilimwambia na habari ya lori la mkaa, maana mdogo wangu alikuwa ameniruhusu kwa macho.

"Hesabu hizo ulisomea darasa gani?" akauliza bosi, akiwatazama wageni.

"La sita. Wewe ulikuwa la kwanza. Ulikuwa unaniamkia."

Mgeni mmoja akakohoa. Bosi akaacha kucheka. "Lirudishe kama lilivyokuwa. Kesho alfajiri tunaondoka. Dereva akiogopa, Handeni ina madereva kila kona."

Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu na tairi, anaangalia viatu vyake. Ana mke na watoto wawili, na kazi hiyo alikuwa ameitafuta miaka mitatu. Nilijua angenyamaza. Nilijua pia angeendesha, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyomlea: apewe mzigo, aubebe.

Nilivaa miwani ya kuchomelea, nikalala chini ya tela, nikawasha mashine. Moto wa kuchomelea hautazamwi kwa macho matupu, hata na mwenye fedha. Nilisikia viatu vyao vikirudi nyuma, na najua waligeuza nyuso ukutani, bosi na wageni wake na miwani yao ya urembo, kama watoto waliopewa adhabu. Nikachukua muda wangu. Kishikio cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, chuma kwenye chuma, pande zote.

"Unafanya nini huko?" bosi aliuliza akitazama ukuta.

"Nakaza."

Nilipotoka chini nilimwonyesha. "Ukitaka lirudi, itabidi vikatwe na fremu ishonwe upya. Hiyo ni siku mbili. Tanga ni kesho."

Akamgeukia mdogo wangu. "Na wewe unasema nini?"

Mdogo wangu aliinua macho. "Bosi, hivi lilivyo nitakufikishia. Likirudishwa lilivyokuwa, funguo hizi hapa." Akazitoa mfukoni, akaziweka juu ya kiti cha jeti.

Bosi alizitazama funguo, akawatazama wageni, akatazama simu ambayo haikuwa imelia. "Mtajua wenyewe," akasema, akaingia kwenye gari. Ni maneno ya mtu aliyeshindwa na asiyetaka kuwapo ushindi unapotajwa. Mdogo wangu akazichukua funguo zake.

Alfajiri waliondoka. Nilikwenda karakana mapema kuliko kawaida, nikafagia mahali palipokuwa safi. Mama wa chapati akaniletea mbili bila kuagizwa, akaketi.

"Unasubiri simu?"

"Nasubiri umeme."

"Umeme upo, baba."

Simu ililia saa mbili. Mdogo wangu alikuwa Korogwe, amesimama kwenye kituo cha mafuta. "Kaka, nimepita palepale pa juzi, kwa mwendo uleule. Halijatingishika. Basi limenipita karibu, upepo wake umenipiga, tela limenifuata tu."

"Na mikanda?"

"Nimeshuka nimeigusa mmoja mmoja. Imekaza."

"Mnyororo?"

"Kaka, kunywa chai."

Habari za Tanga aliniletea mwenyewe. Bosi aliipanda jeti mara mbili. Mara ya kwanza ilimwangusha karibu na ufuko, maji ya magotini, mbele ya watoto waliokuwa wanaoga. Mara ya pili aliketi nyuma ya mgeni wake, amemkumbatia kiuno, mpaka mafuta yakaisha, wakarudi wakiisukuma. Kazi nzima ile, moto, springi, roho ya mdogo wangu kupita mbele ya lori, ilikuwa kwa ajili ya hiyo.

Wiki iliyofuata nilimkuta bosi kwenye shughuli ya msiba, anawaeleza wazee kwamba siri ya tela ni uzito wa mbele, na kwamba mafundi wetu lazima uwasimamie. Aliniona. Hakuniamkia. Nikapokea sahani yangu ya wali nikakaa.

Jumatatu yake mimi na mdogo wangu tulifungua zile bolti kumi na mbili, tukashusha nguzo na mbao, tukaishusha jeti kwenye matairi manne ya zamani nyuma ya nyumba ya bosi, ambako sasa kuku wake wanatagia chini yake. Tukaenda Sindeni tukalirudisha tenki juu ya tela. Bosi hakuulizwa. Mpaka leo hajauliza, na nadhani hajui kwamba tenki limerudi.

Tulipolijaza mara ya kwanza, mdogo wangu alichomeka kidole chini ya mkono wa tela, akajitahidi, akashindwa. Akanitazama akacheka, halafu akakunja magoti, akaushika kwa mikono miwili, akaufunga kwenye gari.