Grafu Kumi za Bi Chapuchapu

Chuoni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bi Chapuchapu, naye aliitika, maana kubishana kungemchelewesha. Alikuwa na miaka arobaini na sita, viatu vya raba na funguo nyingi shingoni, na hakuna mtu aliyewahi kumwona akinywa chai amekaa. Kikombe alikiacha dirishani, akarudi, akapiga funda moja, akaondoka tena.

Alianza kazi akiwa mpiga chapa. Mashine za kupigia chapa zilipotupwa stoo, naye nusura atupwe pamoja nazo, lakini akahamishiwa chumba kidogo kando ya maktaba, chenye kibao mlangoni: Msaada kwa Wakufunzi wa Mtandaoni. Mkufunzi anayefundisha kwa mtandao humletea masomo yake, naye huhakikisha kila mwanafunzi anaweza kuyafuata: asiyesikia asome maneno chini ya video, na asiyeona asikilize programu inayosoma skrini kwa sauti. Programu hiyo husoma maandishi tu. Ikikutana na picha isiyo na maelezo, husema "picha" na kupita zake, mwanafunzi akabaki hewani. Bi Chapuchapu alijifunza kuitumia kwa kuzima skrini yake wiki nzima na kufanya kazi kwa masikio. Katika wiki hiyo alimtumia mkuu wa chuo orodha yake ya vitu vya sokoni, na mkuu akajibu kwa barua rasmi kwamba ombi la vitunguu limepokelewa.

Chumba kile kilikuwa na sheria moja, na aliyeitunga ni yeye mwenyewe: maelezo ya picha huandikwa na mwenye somo, kwa sababu ndiye anayejua picha imewekwa kwa nini. Kwenye warsha aliwaimbia wakufunzi mpaka wakachoka. "Katika somo, elezeni maana ya picha. Katika mtihani, elezeni umbo tu. Mkieleza maana, mmeshatoa jibu." Wakufunzi waliitikia kwa vichwa, wakala biskuti, wakaenda zao.

Basi, Ijumaa moja mchana akaingia mkufunzi wa takwimu, bwana mwenye sauti nzito na tai fupi.

"Mama yangu, mtihani ni Jumatatu. Grafu kumi, na swali ni moja kwa kila grafu: inaonyesha uhusiano gani? Nikianza kuandika maelezo mimi, nitamaliza mwakani. Wewe una mkono mwepesi."

Huyu bwana alijua kumsifu mtu pale alipotaka kubebewa mzigo. Na Bi Chapuchapu alikuwa na ugonjwa wake: hakuweza kuona kazi imelala akaiacha ilale. Alijua sheria ni yake, alijua kuna mwanafunzi mmoja tu asiyeona darasani mule, na alijua jibu sahihi ni hapana.

"Weka hapo," akasema.

Akaziandika zote kumi kwa dakika arobaini, huku akijibu simu na kutafuta miwani iliyokuwa kichwani kwake. Jumatatu mtihani ukafanyika. Yeye akawa ameshasahau.

Wiki iliyofuata, Jumanne asubuhi, mkufunzi aliingia bila kubisha hodi.

"Kipofu wangu amepata kumi kwa kumi!"

"Asiyeona," Bi Chapuchapu akamsahihisha, bila kuinua macho.

"Mwite utakavyo. Wenye macho yao wamepata nne, tano, mmoja sita. Na huyu siku zote ni wa sita, saba. Leo amesoma grafu kuliko mimi niliyezichora? Kuna mtu alikaa pembeni yake akamsomea. Nimeshampeleka kamati ya nidhamu, wanakaa keshokutwa. Na ukiibia mtihani hapa, unafukuzwa, hata kama umebakiza muhula mmoja. Ninachotaka kwako ni kumbukumbu za kompyuta zionyeshe nani aliingia na lini."

Alipotoka, Bi Chapuchapu alifungua mtihani, akazima skrini na kuvaa vidude vya masikioni. Maelezo ya picha hayaonekani kwa macho, ndiyo maana mkufunzi hakuyaona. Husikika tu. Sauti ya programu ikasoma: "Grafu inaonyesha kwamba kadiri mvua inavyozidi, ndivyo mauzo ya miavuli yanavyozidi, yaani uhusiano chanya." Kisha ikasoma swali: "Grafu hii inaonyesha uhusiano gani?"

Moyo ulimshuka hadi kwenye raba zake. Akasikiliza ya pili. Akasikiliza ya tatu. Zote kumi alieleza maana, kama vile alikuwa anaandaa somo. Kila swali lilitanguliwa na jibu lake, kwa sauti safi, kwa mkono wake mwepesi.

Alisimama, akakaa, akasimama tena. Akaufunga mlango kwa ufunguo. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na wanaoutia saini ni haohao wanaokaa kamati. Binti yake mkubwa alikuwa ndio kwanza amepata nafasi ya chuo, na ada ilikuwa inadaiwa. Na kompyuta ilikuwa mbele yake, mtihani uko wazi, na hakuna mtu mwingine chuoni aliyejua hata hayo maelezo yanakaa wapi. Akafuta maelezo ya grafu ya kwanza, akaandika upya: nukta zinaanzia chini kushoto, zinapanda kuelekea juu kulia. Kidole kikakaa juu ya kitufe cha kuhifadhi. Kingekuwa kitu cha sekunde moja. Mwanafunzi angefukuzwa, na Bi Chapuchapu angeendelea kusifiwa wepesi.

Akakiondoa kidole. Akayarudisha maneno ya zamani kama yalivyokuwa, akafungua mlango, na akaanza kumtafuta mkufunzi wa takwimu. Ofisini hayupo. Darasani ametoka sasa hivi. Kantini amepita. Mara tatu alipanda ghorofa ya pili, na mara ya tatu alimwona kwa mbali koridoni akicheka na wenzake, akageuka na kushuka ngazi. Kumbe hakuwa anamtafuta kwa moyo wote.

Jumatano alimkuta mwanafunzi kwenye benchi nje ya maktaba, fimbo yake nyeupe imekunjwa mapajani. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mtulivu, asiyependa kusemewa. Bi Chapuchapu ndiye aliyemfundisha kutumia ile programu alipofika chuoni.

"Shikamoo, mama. Nimezijua hatua zako tangu getini. Zinakimbia."

"Marahaba, mwanangu. Hivi zile grafu ulizijibuje?"

"Hata wewe?" Msichana akainamisha uso. "Nilikuwa chumbani peke yangu, mama. Nilisikiliza, nikachagua. Zilikuwa rahisi mpaka nikaona aibu kwamba takwimu zilinisumbua miaka yote hii. Nikajiambia, kumbe wenye macho ndivyo mnavyoona. Mnatazama picha, na jibu limeshakaa pale linawasubiri."

Hapo ndipo pa kusema. Mama mzima akashika funguo zake shingoni, kama mtu aliyechelewa.

"Tutaonana kesho kwenye kamati," akasema, akaondoka mbio. Alijichukia njia nzima.

Jioni ile, mezani, mumewe alimtazama akikata mkate mpaka vipande vikawa vingi kuliko walaji. Mumewe alikuwa fundi viatu, mtu wa maneno machache na mzaha mwingi.

"Mke wangu, mkate umekukosea nini?"

Akamweleza yote, mpaka kile kidole juu ya kitufe. Mumewe alisikiliza, akafuta makombo mezani kwa kiganja.

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," akasema, "kwa hiyo pole sikupi. Ila mimi nikimshonea mteja kiatu kikamkata kisigino, siwezi kumwambia mguu wake ndio mbovu."

"Na mkataba?"

"Ukikatwa, njoo unisaidie gundi. Lakini utembee polepole, gundi haitaki mbio."

Bi Chapuchapu alicheka, halafu akalia kidogo.

Kamati ilikaa Alhamisi saa nne asubuhi, kwenye chumba chenye meza ndefu na pazia lililokosa kulabu mbili. Mwenyekiti alikuwa mama mwenye mvi, mkali kwa wote bila upendeleo. Mkufunzi wa takwimu alisoma mashtaka yake. Kabla hajafika mwisho, Bi Chapuchapu alikuwa ameshasimama.

"Majibu nilimpa mimi."

Chumba kizima kikamgeukia. Msichana akainua kichwa.

"Sikumnong'oneza. Niliyaandika kwenye maelezo ya grafu, kwa haraka, nikaeleza maana badala ya umbo. Sikilizeni." Akaweka kompyuta mezani, akaiachia isome. Uhusiano chanya. Uhusiano hasi. Hakuna uhusiano. Kufikia ya tano, mwenyekiti aliinua mkono.

"Inatosha. Na kwa sheria ya chumba chako, maelezo haya alitakiwa kuandika nani?"

Mkufunzi aliichezea tai yake fupi.

"Mimi," akasema hatimaye. "Lakini yeye alikubali."

"Nilikubali," Bi Chapuchapu akasema. "Kosa ni langu."

"Makosa ni ya watu wawili, na barua zitakuwa mbili," mwenyekiti akasema. "Mkataba wako, mama, tutauangalia tukishapoa hasira. Sasa hivi nataka alama za huyu mwanafunzi. Mwalimu, una grafu nyingine?"

Alikuwa nazo za darasa la jioni, kumi.

"Mwelezee wewe mwenyewe, kwa mdomo. Umbo tu. Na wewe," akamwelekezea Bi Chapuchapu kalamu, "usitoe hata pumzi."

Mkufunzi akainua karatasi ya kwanza. "Haya. Hii inaanzia hapa, inakwenda hivi, hivi, mpaka pale."

Msichana akasubiri. "Hapa wapi, mwalimu?"

"Hapa!" Akagonga karatasi kwa kidole. Kisha akakitazama kidole chake, na jasho likaanza kumtoka usoni. Miaka kumi na minne alikuwa amefundisha kwa kidole hicho. Akaanza upya, polepole, akitafuta maneno kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ya kupanga. Chini kushoto. Juu kulia. Zimekaribiana. Hapana, zimetawanyika. Bi Chapuchapu aliyaona maneno sahihi yote yakimpita mwenzake, akakalia mikono yake. Grafu ya nne msichana alikosea, na Bi Chapuchapu akang'ata mdomo. Ya saba akakosea tena. Ya tisa alifikiri sana, akabadilisha jibu sahihi kuwa lisilo sahihi.

"Saba," mwenyekiti akasema, akaandika. "Shauri limekwisha."

Bi Chapuchapu alimkuta msichana koridoni, juu ya ngazi, anakunja fimbo yake.

"Mwanangu, nilitaka kukuambia jana. Niliogopa. Umepoteza alama tatu kwa ajili yangu."

"Sijapoteza, mama. Zile kumi zilikuwa zako. Hizi saba ni zangu."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Kuanzia wiki iliyopita nilijiona nina akili sana. Hata nyumbani nilipiga simu, mama yangu akapiga vigelegele." Akaibana fimbo kwapani, akatoa simu. "Sasa inabidi nimpigie tena. Kwa hiyo safari nyingine, niachie nikosee mwenyewe."

"Nitakuachia," Bi Chapuchapu akasema, na ilimuuma kusema hivyo.

Msichana akaanza kushuka ngazi, mkono mmoja kwenye ukuta, mwingine unabonyeza simu.