Visura marufuku kundini

Nilikuwa kwa fundi simu hapa Msasani, katibu wa kikundi chetu cha kuzikana akamkuta hapo mwenzetu mmoja aliyehamia kutoka Masoko.

"Mama, nilisema visura na vipicha vya simu marufuku kwenye kundi letu la ujumbe. Andika maneno, au nakutoa."

"Kuandika sijui, dada katibu. Nikisomewa msiba naweka mikono ya kusali. Nisipoweka, mtajuaje nimesikia?"

"Tuma sauti."

"Nilituma. Mkacheka Kiswahili changu cha kwetu Masoko wiki nzima."

Katibu akaanza kufuta kioo cha simu kwa kanga. "Haya, mikono weka. Ila vya kucheka, hapana."

"Vya kucheka ndivyo ninavyovitaka zaidi. Na mimi niwacheke ninyi."

Sisi wasomi wa darasa la saba tunaviita vya kitoto. Kwa mwenzetu, visura ndio mdomo wake, maana ule mwingine tuliuziba kwa kicheko.