Nguzo ya Tano

Mshonaji alikuwa amekaa miaka kumi na tisa katika duka lile la chini, na kwake nyumba ilikuwa kuukuu tu, basi. Ndipo akaja mpimaji wa majengo, mwanamke mwembamba mwenye ngazi na kisu, aliyetumwa kuandika historia ya nyumba za mtaa ule.

"Samahani dada, nitakuchafulia kidogo," alisema, akaanza kukwangua ukuta.

Chini ya rangi ya kijani kulikuwa na ya bluu, kisha lipu ya saruji, kisha chokaa, na ndani ya chokaa, tao la mawe. Kumbe duka na stoo ya jirani vilikuwa ukumbi mmoja, uliobeba ghorofa mbili juu ya nguzo tano! Mpimaji akazihesabu huku akitabasamu. Alipofika ya nne tabasamu likamtoka.

"Ya tano ilitakiwa iwe hapa," alisema, mkono juu ya meza ya kukatia vitambaa. "Nani aliiondoa?"

"Sijui," alijibu mshonaji. Lakini duka lilikuwa la marehemu baba mkwe wake.

Alipanda ghorofani kwa mama mkwe, akamkuta anakunja nguo.

"Mama, baba aliwahi kuvunja kitu dukani?"

Mama mkwe aliikunja shuka, akaikunjua, akaikunja tena. "Alitaka nafasi ya meza. Akapitisha boriti ya mbao, akapiga lipu. Mbona tumeishi salama?"

"Mbao, mama?"

"Ukisema, watatutoa wote. Utatupeleka wapi?"

Akashuka dukani. Siku mbili hakushona cha maana. Shati la mteja alilitia kola ndani nje. Mapacha wa ghorofa ya juu waliporuka kamba, vumbi lilidondoka juu ya mashine, naye akabaki kutazama dari, mguu umeganda.

Asubuhi ya tatu alimpigia mpimaji. "Ni baba mkwe. Njoo na mafundi."

Fundi alipobandua lipu, boriti ilimeng'enyeka mkononi mwake. Mchwa walikuwa wamekwisha kuimaliza.

"Tokeni," alisema mpimaji kwa sauti ndogo. "Wote. Sasa hivi."

Walikaa kwa ndugu miezi minne, na muda wote huo mama mkwe hakumsemesha. Nguzo ilipokwisha kujengwa, alirudi wa mwisho. Alipita dukani bila salamu, akaisukuma nguzo mpya kwa kiganja, akaisukuma tena kwa nguvu zaidi, kisha akapanda ngazi taratibu, ameshika ukuta.