Herufi Kumi na Sita Mgongoni

Lorraine Sobczak alishona majina kwenye jezi za besiboli kwa miaka thelathini na mmoja, katika duka lake lililo mtaa wa pili kutoka uwanjani, hapa mjini kwetu kando ya Ziwa Erie. Mimi nauza mikate mlango wa pili, kwa hiyo yake yote niliyasikia, nitake nisitake.

Mchezaji akisajiliwa, Lorraine hushona. Akitolewa, watu humletea jezi afumue. Ndiyo maana alikuwa na neno juu ya kila mkataba wa Korongo, timu yetu. "Wakubwa wanatia saini," alizoea kusema, "sindano inanichoma mimi."

Alikuwa na kanuni zake. Mchezaji aliyepita miaka thelathini na mitatu asipewe mkataba mrefu, kwani goti halijui kusoma. Na mchezaji anayependwa na watu asitolewe kamwe, hata akizeeka. Kaka yake Stan, tarishi mstaafu aliyeshinda dukani kila asubuhi, hakuchoka kumchokoza.

"Lorraine, kanuni yako ya pili imeipiga mweleka ya kwanza."

"Kunywa kahawa yako, Stan. Inapoa."

Basi, Julai ya mwaka ule, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, Korongo walimtoa Curtis Hargrove. Huyu alikuwa mdakaji wetu, anayedaka mipira ya mrushaji, kwa miaka tisa, mtu anayejua majina ya wauza soseji pale uwanjani na majina ya watoto wao. Tukapewa mtu mmoja tu: mrushaji wa mkono wa kushoto mwenye miaka ishirini na miwili, ambaye hakuwa amecheza ligi kuu hata siku moja. Jina lake Teddy Sisouphanthavong.

Lorraine alipiga simu redioni kabla hata hajavua kastabini kidoleni. Mji mzima ulimsikia.

"Tumetoa ng'ombe wa maziwa tumepokea yai," alisema, "na yai lenyewe hatujui kama lina kiini! Huyo kijana jina lake ni refu kuliko mkono anaorushia!"

Mtangazaji alicheka mpaka akaenda kwenye matangazo ya biashara. Wiki nzima watu walipita dukani kumpongeza. Waliokuja na jezi za Hargrove zifumuliwe aliwarudisha nazo. "Nendeni mkazivae," aliwaambia. "Mtu hajafa."

Wiki tatu baadaye, Jumapili asubuhi, gari lenye vumbi lilisimama mbele ya duka. Wakashuka mzee mmoja mfupi na mkewe, wamebeba jezi sita mpya, mgongoni tupu. Walikuwa wameendesha kutoka Minnesota siku mbili. Mchana ule mtoto wao angeanza mechi yake ya kwanza.

"Tunaomba uandike jina letu, dada," mama yule, Mama Khamla, alisema, akampa karatasi. "Lina herufi kumi na sita. Utuwie radhi."

Lorraine aliisoma ile karatasi. Stan akakohoa kahawa yake yote.

"Yapo majina marefu kuliko hili," Lorraine alisema, sauti imemtoka nyembamba. Akachukua tepu, akapima. Jina halikukaa kwa mstari ulionyooka. Ilibidi alipinde kama upinde wa mvua, lianzie kwapa hili liishie kwapa lile.

Mzee, aliyeitwa Bounmy, akaketi karibu na Stan. "Mji wenu mzuri," alisema. "Ila kuna mama mmoja mkali! Alisema redioni kwamba jina la mwanetu ni refu kuliko mkono wake. Mpwa wangu alitutumia rekodi."

Cherehani ilisimama. Lorraine akavua miwani. Angeweza kunyamaza, na Stan asingemsaliti, lakini hakuwa mtu wa namna hiyo.

"Mama mwenyewe ni mimi," alisema. "Nisameheni. Nilikuwa na hasira ya Hargrove, nikaimalizia kwa mtoto wa watu."

Mama Khamla alimtazama mumewe. Mzee Bounmy akapiga paja.

"Ni wewe! Mimi nilikuwa nataka nikupe mkono! Hata mimi nisingemtoa Hargrove!"

"Bounmy!" mkewe alimkemea.

"Niache niseme ukweli. Mdakaji anayepiga vile, miaka miwili imebaki kwenye mkataba, unamtoa kwa mrushaji mmoja? Hata kama ni mwanangu! Wangeomba wawili. Nilimwambia Teddy mwenyewe."

"Na kweli alimwambia hayo," Mama Khamla alimgeukia Lorraine, "siku ambayo mtoto anatupigia simu analia kwa furaha!"

Nilisikia kicheko kile kupitia ukutani, nikaacha tanuri nikaenda kuchungulia. Saa mbili zilizofuata Lorraine alishona huku wanabishana. Walianza na Hargrove, wakarudi nyuma hadi mabadilishano ya wachezaji ya miaka ya themanini, Stan akawa mwamuzi asiyesikilizwa. Jezi ya sita ilipokwisha, Mama Khamla alimkabidhi moja. "Hii yako," alisema. "Uvae leo."

Akaivaa. Mimi nikafunga duka, tukaenda sote, Mama Khamla na kapu lake la wali wa kunata na soseji za nyumbani, mimi na sambusa zetu za viazi za Kipolandi.

Mpira wa tatu aliorusha Teddy, mpigaji aliutuma juu ya ukuta. Wapinzani wakapata pointi. Mama Khamla alifunika uso kwa kofia. Lorraine akasimama, yeye peke yake katika safu yetu.

"Huo umekwisha, mwanangu!" alipaza sauti. "Rusha mwingine!"

Na akarusha. Mpigaji aliyefuata alikosa mara tatu, akatoka. Aliyemfuata vilevile. Kufikia zamu ya tano watu walitaka kuimba jina la kijana na hawawezi, wanagota katikati. Mama Khamla akapanda juu ya kiti akawafundisha, kipande kwa kipande, *Si-sou-phan-tha-vong*, na Lorraine akapiga makofi ya kuwaongoza. Korongo walishinda tatu kwa mbili. Mzee Bounmy alimkumbatia Stan, ambaye hakumbatiwi ovyo.

Msimu ule tulimaliza wa nne. Hargrove alichukua ubingwa na timu yake mpya, na Lorraine alilia mbele ya televisheni, akasema ni machozi halali. Kuhusu yale mabadilishano, hakubadili kauli: wangeomba wawili. Ila aliongeza kanuni, kwamba mchezaji asitukanwe kabla mama yake hajafika mjini.

Aprili iliyofuata alifunga duka wiki nzima akaenda Minnesota kusherehekea na akina Bounmy mwaka mpya wa Laos, nchi ya asili yao, ambao watu humwagiana maji. Alikosa mechi tatu za nyumbani, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu amzike mumewe. Alinitumia picha: ameloweshwa maji kutoka nywele hadi viatu, Mama Khamla ameshika ndoo, na wote wawili wamefumba macho kwa kucheka.