Nilimtuma Binti Yangu Amnuse Baba Yake

Mimi ndiye niliyekosa. Naanza hapo kwa sababu najijua: nikianzia kwingine nitajitetea mpaka karatasi iishe, na mwisho mtanionea huruma nisiyostahili. Jina langu msiliandike. Walionijua kule mtaa wa Umoja wakati nyumba zikiwa bado mpya na vumbi tele watanitambua tu, na shauri yao.

Mume wangu alikuwa mlevi. Si yule wa kulewa sikukuu na arusi, la, huyu wangu alikuwa wa kila jioni. Alikuwa karani kwenye ghala moja eneo la viwanda, mtu wa kalamu nzuri na shati jeupe. Lakini akishuka basi pale barabara ya Outering, badala ya kuja nyumbani alivuka kwenda Kariobangi kwa mama pima mmoja aliyeuza chang'aa nyuma ya gereji. Mimi nilishona sare za shule nyumbani. Nilishona huku nikimngoja, na mdomo wangu, wacha niseme, ulikuwa mkali kuliko sindano.

Alijaribu kuacha mara nyingi. Aliacha kwa kumwogopa mkubwa wake wa kazi, akarudia. Aliacha kwa kumwogopa mchungaji, akarudia. Aliacha kwa kuniogopa mimi, na hiyo ndiyo iliyodumu muda mfupi zaidi.

Tulikuwa na mtoto mmoja, binti, wakati huo yuko darasa la tatu. Alipewa jina la mama mzazi wa mume wangu. Sisi ni Wakamba, na kwetu mtoto akibeba jina la nyanya yake, basi nyanya ndiye huyo. Baba yake alimwita "mwaitu", yaani mama yangu, na hakuwa anatania. Hata akiwa chakari alikuwa akimwamkia kwa heshima.

Jumapili moja aliamka na kichwa kinampasuka kwa pombe ya jana yake. Mtoto akamuuliza ana nini. Akasema ana malaria. Basi yule mtoto akamletea maji, akamfunika kwa sweta yake mwenyewe, ile ndogo ya shule, akaketi kando ya kitanda akimwambia pole baba, pole baba. Mimi nilikuwa mlangoni nikikunja uso. Mume wangu akaanza kulia.

"Mama watoto," akaniambia, "nimemdanganya mama."

"Mama yako yuko Machakos. Umemdanganyia wapi?"

"Huyu hapa. Mimi nimedanganya watu wote. Nimekudanganya wewe, nimemdanganya mkubwa, Mungu pia nimemdanganya nikiwa nimepiga magoti. Lakini mama sijawahi kumdanganya hata siku moja. Hicho ndicho kitu kimoja kilichobaki changu. Na leo nimekichafua."

Nikaenda kuangalia sufuria jikoni.

Kuanzia siku hiyo alijiwekea desturi yake. Hakuna aliyemfundisha. Jioni akifika, kabla hata ya kuvua viatu, alichuchumaa mbele ya yule mtoto na kumweleza alikotoka. "Mwaitu, leo nimetoka kazini, nimepanda basi, nimeshuka Outering. Kiu imenishika sana pale. Nimesimama kidogo, halafu nimekuja nyumbani." Mtoto alimsikiliza ametulia, halafu akamwambia, "Haya, baba. Kula sasa." Mimi niliona ni mchezo wa watoto.

Lakini ule mchezo ulifanya kazi ambayo wachungaji walishindwa. Mashavu yake yalirudi. Mlango uliokuwa ukining'inia tangu tuhamie akautengeneza. Jumamosi alikaa nyumbani akimfundisha mtoto hesabu, na nikishona alinisaidia kukunja sare. Nikasimama kwenye mkutano wa akina mama kanisani nikatoa ushuhuda, nikilia machozi ya furaha, na kwa jinsi nilivyoeleza ungedhani ni mimi niliyemwachisha.

Halafu akaanguka. Jioni moja alichelewa kidogo, na alipoingia tu nikaisikia ile harufu. Kabla sijasema neno, akachuchumaa.

"Mwaitu, leo nimeanguka. Wenzangu walikuwa na sherehe yao, nikawafuata kwa mama pima. Nimekunywa. Halafu nimeona aibu, nimetoka. Kesho nitajaribu tena."

Mtoto akamtazama. "Haya, baba," akasema. "Kula sasa."

Mimi hapo nikalipuka. Nilikuwa nimeshatoa ushuhuda! Nitawaangaliaje wale wanawake? Nikachukua sahani ya muthokoi niliyokuwa nimempakulia, nikatoka nje, nikaimwaga uani mbele ya majirani. Nikamtukana mpaka sauti ikakauka. Nikamuuliza ana akili gani ya kumweleza mtoto mambo ya pombe.

"Lakini nimesema kweli," akasema, polepole.

"Kweli yako mpelekee mama pima akupikie."

Alilala njaa. Na mtoto hakugusa chakula chake.

Ndugu msomaji, kosa langu lilianzia hapo, na wala sikuliona. Mimi niliona harufu ya pombe tu. Sikuona kwamba mtu amepita pale penye kiu, akaanguka, akainuka, akaja mwenyewe kusema, bila kuulizwa. Kwa mlevi hilo ni jambo kubwa kuliko kukaa mwezi mzima bila kunywa, lakini nani angenieleza wakati huo nikasikia?

Kesho yake nikapanga mambo kwa akili yangu ninayojivunia. Nikamwambia binti yangu, ukitoka shule nenda ukamngoje baba yako steji, pale anaposhukia basi. Mshike mkono mpaka hapa nyumbani. Mnuse mdomo, kisha uniambie, na ukinidanganya utaniona. Mume wangu naye nikamwambia, tena kwa kejeli: "Si ulisema mama yako huwezi kumdanganya? Basi sasa mama yako atakuwa nawe njia nzima."

"Kile kilikuwa changu," akasema.

"Chako kimekushinda. Wacha nikushikie."

Aliacha kuchuchumaa tangu siku hiyo. Aliingia, akasalimu, akala, akalala. Na mtoto alikuja jikoni na ripoti: "Mama, nimemnusa. Hajakunywa." Kila jioni hivyo hivyo. Nikafurahi. Nikarudi kanisani na ushuhuda wa pili, na wanawake wengine wenye waume walevi walikuja kwangu kuuliza dawa. Nikawafundisha! Nikawaambia, chukua kile mume anachokipenda, kishike wewe, atatulia tu. Mungu anisamehe, sijui niliharibu nyumba ngapi.

Siku moja niliishiwa na vifungo vya sare, nikaenda Kariobangi sokoni jioni. Nikakata njia nyuma ya zile gereji ili niwahi kurudi. Nikamwona mtoto mwenye sare ya shule ya kwetu ameketi juu ya jiwe kando ya mlango, mkoba mapajani, chupa ya soda chini, anaandika. Nikafikiri, huyu mama yake yuko wapi? Akainua kichwa. Alikuwa binti yangu.

Sikuwa hata nimefungua mdomo. Akasema, "Mama, baba hayuko hapa."

Sikumuuliza, jamani. Sikumuuliza kitu! Alisema kwa uso mtulivu, bila kupepesa macho, sauti ile ile ya kila jioni jikoni. Na ndani ya ule mlango nilisikia kicheko cha mume wangu.

Nikampokonya mkoba. Pamoja na vitabu kulikuwa na vipande vya tangawizi vimefungwa kwa karatasi. Ni yeye aliyembebea baba yake, atafune wakikaribia nyumbani, harufu ife. Mama pima akatoka akipangusa mikono, wala hakunijua. Akaniambia mtoto huyu ana adabu sana, akimaliza hesabu zake humwita baba yake ili wasichelewe.

Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea. Mlevi kunidanganya nilizoea, hiyo ni kazi ya mlevi. Lakini mtoto niliyemzaa! Anaketi jikoni kwangu, anakula mkononi mwangu, ananitazama machoni na kunidanganya kila siku ya Mungu, halafu mimi naenda kusimama mbele ya kanisa na uongo wake mdomoni. Wamenizunguka wote wawili, nikasema, wamenifanya mjinga wa mtaa mzima.

Nikampiga. Pale pale, mbele ya mafundi na walevi, kwa mkono na kwa ule mkoba. Nikamwita mwongo. Mume wangu sikumgusa hata kwa kidole. Alitoka mbio akanishika mikono.

"Wacha! Unampiga mama!"

"Wewe ndiye umemfanya mwongo!"

"Ni kweli, nilimwambia adanganye, na Mungu ananiona," akasema, na pombe ilikuwa imemtoka kabisa. "Lakini siku niliposema kweli ulimwaga chakula. Yeye alikuwa pale. Aliona kweli inalipwa nini nyumbani kwetu."

Mtoto alikuwa analia kwa kwikwi. "Mama," akasema, "mimi nilitaka tu baba apewe chakula."

Mngedhani hapo ningemkumbatia. Sikumkumbatia. Niligeuka nikaenda zangu, nikiwa na hasira ya kusalitiwa, na vifungo sikununua. Walikuja nyumbani baada yangu na sikuwasemesha, si siku hiyo wala wiki ile. Nilipika, nikaweka mezani, nikaondoka. Niliona wanapaswa kuniangukia miguuni wote wawili.

Hawakuniangukia. Shule zilipofungwa mume wangu alisema anampeleka mtoto Machakos kumwona nyanya yake. Kazi ilikuwa imeshaanza kumshinda. Nikasema nendeni, mnipumzishe. Ng'ombe akivunjika guu malishoni hukimbilia zizini, na wangu alikimbilia kwa mama yake, na hakurudi tena.

Mwanzoni nilingoja. Halafu nikatuma watu. Dada ya mume wangu ndiye aliyenipa habari, na hakunificha. Kaka yake alichuchumaa mbele ya mama yao mzazi kila jioni akamweleza siku yake yote. Alianguka mara nyingi miezi ile ya kwanza, na kila alipoanguka alikuja kusema. Na yule mama mzee anasema nini, nikauliza. Hasemi kitu, wifi yangu akanijibu. Anamsikiliza, halafu kesho yake wanaenda shambani pamoja. Baadaye akaacha kuanguka.

Hanywi mpaka leo. Amepata kazi ya ukarani kwenye chama cha ushirika huko, watu wanamheshimu. Binti yetu anaishi naye.

Sasa niwaambie jambo la aibu: niliposikia amepona sikumshukuru Mungu, nilikasirika. Ni mimi niliyefua matapishi miaka yote. Ni mimi niliyedanganya majirani kwamba ameteleza. Halafu mwanamume mzima, msafi, mwenye mashavu, wanampata wengine! Nilisema nimesalitiwa, na kuna siku bado nasema. Nikiwa peke yangu na cherehani hasira inanipanda kama jana. Lakini siku hizi najua ni nani aliyeanza kumsaliti mwenzake. Aliniletea kitu chake cha pekee, akanionyesha, nami nikakipokonya na kukifanya kamba ya kumfungia. Mtu akifungwa kamba hutafuta namna ya kuikata, hata kama aliisuka mwenyewe.

Binti yangu sasa yuko shule ya bweni. Huja kunitembelea likizo, na hana kosa hata moja. Hunisaidia kushona, hupika, huniamkia vizuri. Namuuliza, masomo je? Vizuri, mama. Baba yako? Mzima, mama. Wewe mwenyewe? Sina shida, mama. Mwaka huu nilikutana na mwalimu wake mjini, akanipa pole. Pole ya nini, nikauliza. Kumbe mtoto alilazwa hospitali karibu muhula mzima, na baba yake ndiye aliyekuwa akikaa naye. Likizo ile alikuja kwangu kama kawaida, amekonda, nikamuuliza habari za shule, akasema nzuri.

Kwa hiyo wewe unayesoma haya, na nyumbani kwako kuna mtu anayepigana na chupa, au na kitu kingine chochote, muulize ni nini anachokithamini, halafu uondoe mkono wako. Ni chake. Kikitoka mikononi mwake hakina nguvu tena. Mtoto usimtume. Na siku atakapokuja kukwambia ameanguka, hata kama umetangazia dunia nzima kwamba amesimama, meza aibu yako umsikilize mpaka amalize. La sivyo utazeeka kama mimi, ukiuliza watu wako hali, na wote watakujibu kwamba ni wazima.