Difla Chumbani kwa Mzazi

Alasiri moja ya kaskazi, miaka ile ya tisini, haijanitoka akilini mpaka leo, mwanangu. Nilikwenda mtaa wa Kuze na nyanya yangu kumtazama wifi yangu Rukia, aliyekuwa ndani ya arubaini yake. Uani joto lilikuwa limekausha asumini na mirehani yote, lakini mti mmoja ulikuwa umechanua maua ya rangi ya waridi mpaka juu ya ukuta. Nyuki hakuna, sisimizi hakuna. Hata paka alijilalia juani, kivuli cha mti ule akakiacha kitupu.

Kaka yangu, mumewe Rukia, baharia, aliuleta kijiti tu kutoka pwani za Mediterania, ambako mvua hunyesha wakati wa baridi na kiangazi ni kikavu. Jina hakuuliza. Rukia aliona ua lanukia, basi akaupanda safu moja na asumini. Wajua tulivyo sisi: mti ukinukia ni wa wanawake, na nyumba ile matawi yake makavu hayatupwi, hutiwa chetezoni pamoja na udi.

Chumbani moshi ulikuwa mzito, madirisha yamefungwa mzazi asipigwe na upepo. Rukia alikuwa amekaa macho wazi, wala hakuitikia salamu. Kisha akasema polepole, "Wifi, mbona kuta zina manjano?"

Kuta zilikuwa nyeupe. Mtoto kifuani pake alikuwa kimya, na kimya chenyewe hakikuwa cha usingizi. Nilihisi mna mwingine mle chumbani tusiyemuona, nikaanza kusoma Ayatul Kursiyu.

Nyanya alinusa mara moja tu, akanitia mtoto mikononi. "Soma, lakini soma huku watoka," akaniambia.

Akamkokota Rukia mpaka uani, akarudi akamwagia chetezo maji. Kijiti kilichobaki alikishika kwa ncha ya leso. "Hii ni difla, sumu mpaka moshi wake. Hata mbuzi hawaigusi, nanyi mwamfukizia mzazi?"

Mimi nilikuwa nimemkodolea macho mtoto, nikiamini amekufa. Akakohoa, kisha akalia mpaka majirani wakafungua madirisha. Rukia alilazwa hospitali, moyo wake ukipiga kwa kusitasita. Mtaani walisema ni jini. Nyanya aliwajibu kwamba jini huyo wamempanda wenyewe na humwagilia maji kila jioni.

Rukia alipona, na mti akakataa katakata usikatwe, kwa uzuri wake. Nawe jana nimeona kijiti chake kwenye kopo dirishani pako, na mkeo ni mjamzito. Mwanangu, harufu si jina. Mti mgeni uulizie jina na jamaa zake kabla hujaupangia mahali. Difla ipande peke yake, ukutani nje penye jua, ukiikata vaa glavu, na matawi yake usiyachome kamwe. Hicho cha dirishani kiondoe leo, kabla ya magharibi.

Mungu akupe maua mengi, na akujaalie kumsikia mtoto wako akilia.