Tarishi wa Nyumba Mbili

Nyumba ya fundi viatu ilikuwa kimya hata watu wote wakiwemo ndani. Mume na mke walikuwa wameacha kusemeshana, na binti yao, hata kuvunja ungo bado, ndiye aliyebeba maneno kutoka sebuleni hadi jikoni. Shangazi yake akambandika jina: Tarishi.

"Mwambie mama yako hiki si chakula, ni adhabu," baba alisema.

Tarishi akafika jikoni. "Baba anasema leo chumvi imezidi kidogo."

Alijifunza mapema kuyatoa maneno miiba, kama mtu anayemlisha mtoto samaki. Mama alipohamia chumba cha kupanga mtaa wa pili, kazi ikawa ya kutwa. Shoga zake walipiga soga za nywele na wavulana. Yeye alitunga sentensi za watu wazima. Darasani alisinzia. Mtihani ukamshinda.

Siku moja baba akamtuma: "Mwambie aje achukue cherehani yake, inanizibia njia."

Tarishi akaufikisha ujumbe hivi: "Baba anasema akiiona cherehani yako, anakukumbuka."

Jioni ile mama alifika amejipamba, sanduku mkononi. Baba akasimama mlangoni na kiatu cha mteja.

"Unahamia kwa nani?"

"Si umeniita?"

"Mimi? Nikuite wewe?"

Wote wakamgeukia Tarishi. Mama sanduku hakuliweka chini.

"Nimesema mimi," msichana akajibu. "Miaka yote hii hamjatumiana hata neno moja jema. Mazuri yote yalikuwa yangu. Nisamehe, mama."

Baba akajaribu kucheka. "Haya, mjumbe hauawi."

"Hauawi, baba, ila anachoka. Mimi kazi hii nimeacha. Midomo mnayo."

Akashika upande mmoja wa cherehani, akamngoja baba ashike wa pili. Wakaibeba hadi mtaa wa pili, mama akiwafuata nyuma na sanduku lake.

Tarishi akahamia kwa shangazi, jirani na chumba cha mama, akarudia darasa. Wiki haijaisha, baba akapiga hodi.

"Mwambie mama yako..."

"Kwake unapajua, baba."

Baba akaenda. Punde ukasikika ugomvi, mtaa mzima ukanyamaza kusikiliza. Tarishi hakuinuka penye kitabu chake. Akafungua ukurasa uliofuata.

Sasa ana miaka ishirini, na yuko mwaka wa mwisho katika chuo cha mafundi umeme.